Tumbo Lilitulia, Miguu Ikafa Ganzi

Orodha ya vyakula vya kuacha ilianza na pilipili. Hiyo niliikubali bila ubishi, maana kila nikiila kifua kilikuwa kinawaka mpaka kooni. Zikafuata ndimu na machungwa. Kisha nyanya. Kisha maharage, ambayo ukishaambiwa una vidonda vya tumbo yanasemwa vibaya kuliko sumu ya panya. Baada ya hapo kila aliyesikia naumwa alikuja na chake cha kuongeza. Wifi yangu alileta kabichi na njegere. Mama mmoja anayeniuzia vifungo na zipu akasema nyama nyekundu inakaa tumboni siku tatu nzima. Mteja akanionyesha kwenye simu mtu anayeeleza kwamba maziwa yanaongeza asidi. Mwingine akayakataa mayai, mwingine dagaa, mwingine mchicha kwa sababu "una chumvichumvi". Wote walinitakia mema, na kila mmoja alikuwa na ndugu aliyepona kwa kuacha kitu hicho hicho alichokitaja. Sikumwona hata mmoja aliyekuja kuniambia, hiki sasa kirudishe.

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro. Nashona magauni, sare za shule, na ikifika msimu wa harusi ndiyo hulali. Ilipofika mwaka wa tatu wa vidonda vyangu, chakula changu kilikuwa uji mweupe, wali, viazi mbatata vya kuchemsha, ndizi, mkate mkavu, tikiti na papai. Asubuhi, kabla ya kula chochote, nameza kapsuli ya omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni. Niliandikiwa na tabibu kwa wiki chache tu, ila zilipokwisha nikaenda duka la dawa nikanunua nyingine, na nyingine. Haiulizwi cheti, na bei yake si ya kumshinda mtu.

Na tumbo lilitulia. Hili nalisema mapema kwa sababu watu wakisikia nilikokuja kufikia wanadhani nilikuwa mbishi au sikuwa na akili. Mtu aliyelala miezi amejikunja, anaamka saa nane usiku kunywa maji ya uvuguvugu ili moto upungue, akipata mlo usiomuumiza haachani nao. Ungenipa yai wakati ule ningekukatalia kwa adabu zote, na moyoni nikakuona hunipendi.

Kilichonipata hakikupiga hodi. Kwanza nilipungua, nikasifiwa. "Umependeza, umekata mwili, unafanya nini?" Wengine waliomba niwaandikie ninachokula. Kisha ikaja uchovu, na fundi gani hachoki? Nikapanda ngazi za jengo la benki siku moja moyo ukaenda mbio mpaka nikashika ukuta, mlinzi akaniletea kiti. Ulimi ukawa mwekundu, laini, umeng'aa, bila ule ukwaruzo wake wa kawaida, na uji wa moto ukawa unauchoma. Pembe za midomo zikapasuka. Jirani akanipa sababu: asidi imepanda mpaka mdomoni. Kwa hiyo papai nalo likatoka.

Nilikwenda zahanati. Unajua ilivyo kwetu: kama si malaria ni UTI, na kama si UTI ni taifodi. Mimi nilitibiwa zote tatu kwa zamu. Ndipo mhudumu mmoja akanivuta kope la chini, akasema, "Dada, huna damu." Wakapima, ikaonekana 7 na pointi kidogo, wakati mwanamke mzima asiye na mimba anatakiwa kuwa na 12 au zaidi. Nikapewa vidonge vya kuongeza damu, vile vyenye madini chuma na asidi ya foliki ambavyo wajawazito wanapewa kliniki. Nikaambiwa pia ninywe juisi ya rozela na nile tembele kwa wingi. Rozela sikuinywa, ni chachu. Vidonge nilimeza.

Damu ikapanda mpaka 9. Furaha nyumbani. Miguu ndiyo haikufurahi.

Ilianzia nyayoni, mchonyotochonyoto, kama umekanyaga unga wa upupu. Usiku inawaka, mchana imekufa ganzi. Nikawa natembea kandambili inavuka mguuni, sina habari, mpaka mtu aniite, "Dada, kiatu chako hicho huku nyuma." Halafu vidole vya mikono vikafuata, na kwa fundi huo ndio mtaji. Mimi kitambaa nilikuwa nakitambua gizani: hii satini, hii krepu, hii pamba iliyochanganywa na nailoni, nasugua tu kati ya dole gumba na cha shahada. Uwezo huo ulikwisha taratibu. Kutunga uzi kwenye sindano kukawa kazi ya kuita mtoto. Pedali ya cherehani nikawa siisikii chini ya unyayo, nakanyaga kwa kukisia, mshono unakimbia. Siku moja nilikuwa nabana pindo la gauni jeupe la msimamizi wa bibi harusi, nikaona tone la damu kwenye kitambaa, nikaanza kufoka nani kashika kazi yangu na mikono michafu. Pini ilikuwa kidoleni mwangu, imezama.

Na bafuni. Nikifumba macho ili sabuni isiingie, nilikuwa nayumba. Mara ya kwanza nilidhani ni sakafu ya utelezi. Nikaja kugundua kwamba nikiwa nimefumbua macho nasimama vizuri, nikiyafumba tu mwili haujui miguu iko wapi. Usiku umeme ukikatika nilikuwa sithubutu kutoka chumbani bila tochi. Walikuwepo waliosema nimetupiwa kitu na mwenzangu wa fremu ya jirani. Hao niliwaacha.

Daktari aliyenikamata alikuwa kijana, umri wa mdogo wangu wa mwisho, katika hospitali kubwa nilikopelekwa na mama yangu kwa lazima. Alianza na swali ambalo kote nilikopita hakuna aliyeuliza: "Mama, jana ulikula nini? Na juzi?" Nikamtajia. "Na wiki iliyopita?" Hayo hayo. Akaacha kuandika. "Nyama, samaki, yai, maziwa, mara ya mwisho lini?" Mama yangu akadakia, "Hata mimi nimesahau lini, baba."

Akachukua kijuma cha chuma chenye meno mawili, akakigonga kwenye kiwiko chake kikaanza kutetema, akakiweka kwenye mfupa wa dole gumba la mguu. "Unasikia nini?" Nasikia ubaridi. "Na mtetemo?" Mtetemo sikuusikia. Akakipandisha kwenye kifundo, bado. Kwenye goti ndipo nikausikia. Kisha akanisimamisha, visigino pamoja, akaniambia nifumbe macho, naye akasimama karibu mikono wazi. Nilijua kitakachotokea.

Alieleza hivi, na nimekuja kulisoma na kulielewa zaidi baadaye. Vitamini B12 haipo kwenye mimea. Haipo kwenye mchicha, haipo kwenye ndizi, haipo kwenye tembele hata ukila sufuria. Inatengenezwa na bakteria, nasi tunaipata kupitia wanyama: nyama, maini, samaki, dagaa, mayai, maziwa. Mtu mzima anahitaji kama maikrogramu 2.4 tu kwa siku, kiasi ambacho jicho halikioni. Mwili unaitunza kwenye ini, na akiba hiyo inaweza kumfikisha mtu miaka miwili mpaka mitano. Ndiyo maana mtu anaweza kuacha vyakula hivyo leo, akajisikia vizuri mwaka mzima na zaidi, akawahubiria wengine.

Ila kula tu hakutoshi. B12 iliyo kwenye nyama imeshikana na protini, na asidi ya tumbo ndiyo inayoiachanisha. Kisha ukuta wa tumbo unatoa kitu maalumu cha kuipokea na kuisindikiza mpaka mwisho wa utumbo mwembamba, na huko ndiko inakoingia kwenye damu. Sasa angalia mimi: upande mmoja sili chochote chenye B12, upande wa pili kila asubuhi nazima asidi kwa kapsuli. Omeprazoli ni dawa nzuri na imeokoa watu, daktari mwenyewe hakuitukana. Ikitumiwa miaka ndipo inapoanza kubana B12, na madini ya chuma na magnesi pia.

Na vile vidonge vya kuongeza damu? Hapa ndipo niliposisimka. Asidi ya foliki na B12 zinafanya kazi pamoja kwenye uboho, ndani ya mifupa, kutengeneza chembe nyekundu. B12 ikikosekana, foliki nyingi inaweza kuubeba mzigo kidogo, damu ikapanda na kipimo kikapendeza. Mishipa ya fahamu haidanganyiki hivyo. B12 inahitajika kuutunza utando unaoizunguka, na foliki haiwezi kazi hiyo. Kwa hiyo damu ilikuwa inapanda na huku mishipa ya fahamu ndani ya uti wa mgongo inaendelea kuharibika kimyakimya. Mtu yeyote mwenye damu pungufu na ganzi miguuni angepaswa kuangaliwa B12 kabla hajapewa foliki peke yake. Hili nalirudia kila ninapopata wa kumwambia.

Vipimo vilikubaliana naye. Ukubwa wa chembe nyekundu, ambao kawaida ni kati ya 80 na 100, wangu ulikuwa 114: chembe chache, kubwa, hazijakomaa. Kwenye darubini chembe nyeupe nazo zilikuwa na viini vilivyogawanyika vipande vingi kuliko kawaida. Damu ya kupima B12 yenyewe ilisafirishwa Dar es Salaam, kwa sababu kipimo hicho hakipatikani kila maabara na si cha bei ndogo. Daktari hakungoja majibu. Akishachukua sampuli, sindano ya kwanza ilichomwa siku ile ile. Alisema mishipa ya fahamu haivumilii foleni.

Dawa yenyewe ni nyekundu, nyekundu ya kweli, kwa sababu katikati ya B12 kuna madini ya kobalti. Mama alipoiona kwenye bomba la sindano akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Si nilikwambia chekundu kinaongeza damu." Sikuwa na nguvu za kubishana naye kuhusu rozela.

Kabla sijatoka daktari akauliza jambo moja zaidi, kana kwamba amekumbuka tu mlangoni. Natumia dawa gani za maumivu? Nikamwambia diklofenaki, kwa ajili ya mgongo. Fundi anayeinama kwenye cherehani kutwa mgongo haumwachi. Msimu wa sare nilikuwa nameza asubuhi na jioni, nanunua hapo hapo ninaponunua omeprazoli, kwenye mfuko mmoja. Akakaa tena.

Vidonda vya tumbo havitokani na maharage. Vingi vinaletwa na vitu viwili: bakteria anayeitwa Helikobakta pailori, na dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Kuhusu bakteria, madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, ndio waliolithibitisha miaka ya 1980 wakati dunia nzima ya tiba ikiamini ni mawazo na chakula. Marshall alifika mahali mwaka 1984 akanywa mchuzi wenye bakteria hao, akaugua tumbo, ili wamwamini. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Pilipili na ndimu zinaweza kumchoma mwenye kidonda, kama zinavyochoma mkono uliokatwa, lakini hazikuukata.

Fikiria basi. Orodha ilikuwa na pilipili, ndimu, machungwa, nyanya, maharage, kabichi, njegere, nyama, maziwa, mayai, dagaa, mchicha na papai. Diklofenaki haikuwemo. Wote waliochangia orodha ile, kuanzia wifi hadi wa kwenye simu, hakuna aliyeitaja, kwa kuwa orodha ilikuwa ya vyakula na diklofenaki ni dawa, na dawa inatibu.

Nilipimwa bakteria kwa kinyesi, baada ya kusimamisha omeprazoli kwa wiki mbili kwa maelekezo, kwa kuwa ikiwa bado mwilini inaweza kumficha. Nilikuwa naye. Nikameza mchanganyiko wa dawa kwa siku 14, mdomo mchungu muda wote, nikamaliza. Walipoingiza bomba lenye kamera waliona kovu, kidonda kimefunga. Niliuliza kimefunga tangu lini. Daktari akasema hilo kamera haielezi.

Nirudi kwenye kupona, maana watu wanadhani ukichomwa sindano unaamka mzima. Kinywa ndicho kilichotangulia. Wiki haikuisha nikanywa uji wa moto bila kusonya. Hamu ya kula ikaja, na kitu kingine ambacho sikukitegemea: ukungu ukatoka kichwani. Nilikuwa nimezoea kusahau vipimo vya wateja, narudia kuwapima kwa kisingizio cha kuhakikisha, nalia bila sababu. Nilidhani ndio utu uzima. Kumbe nayo ilikuwa sehemu ya ugonjwa.

Damu ilichukua miezi. Na katikati ya safari ikasimama. Uboho ulipopata B12 ulianza kuzalisha chembe kwa kasi, ukamaliza chuma chote kilichokuwepo, na chembe zilizokuwa kubwa mno zikaanza kuwa ndogo mno. Daktari alilitarajia. Vile vidonge nilivyoanza navyo zahanati vikarudi, safari hii mahali pake. Vinafunga choo na kukifanya cheusi, usishtuke. Nilielekezwa nivimeze pamoja na kitu chenye vitamini C, na chai ikae mbali navyo kwa saa moja au mbili, maana chai inakishika chuma na kukizuia kuingia. Hilo liliuma kuliko sindano. Kwetu chai ya rangi inanywewa pamoja na kila kitu.

Miguu ilianza kwa kuwa mibaya zaidi. Palipokuwa na ganzi pakaja moto na mishtuko, hasa usiku, nikarudi hospitali nikilia kwamba dawa inanidhuru. Nikaambiwa nisubiri. Moto ulipungua polepole sana, kuanzia juu kushuka chini: goti, muundi, kifundo. Kuna sindano nyingine watu wanauziwa mitaani kwa ajili ya ganzi, "za mishipa", mchanganyiko wa B1, B6 na B12. Jirani alitaka tuongeze hizo juu ya zangu ili iende haraka. Daktari alikataa, akaeleza kuwa B6 ikizidi kwa muda mrefu yenyewe inaharibu mishipa ya fahamu na kuleta ganzi. Sikujua kwamba vitamini inaweza kufanya hivyo. Nadhani wengi hatujui. Tunaona vitamini kama sala, haina kuzidi.

Ila kazi kubwa kuliko sindano ilikuwa kula. Hapo hakuna bomba la kukusaidia. Niliketi mbele ya yai la kuchemsha jasho linanitoka. Mwili ulikuwa umefundishwa kwamba chakula ni adui, na haukusahau kwa sababu daktari kasema. Isitoshe, ukiacha omeprazoli baada ya kuitumia muda mrefu, tumbo linatoa asidi kwa fujo kwa wiki kadhaa kabla halijatulia. Kwa hiyo nilikula yai, na kifua kikawaka kweli. Kama nisingekuwa nimeonywa ningelilaumu yai na kulirudisha kwenye orodha siku hiyo hiyo. Ndivyo orodha zinavyonenepa.

Mama akachukua usukani. Alihamia kwangu na ungo wake. Alianza na supu ya samaki, perege, bila kiungo chochote ila chumvi na kitunguu. Kisha maziwa mgando. Kisha dagaa wa Mwanza, akiwakaanga bila mafuta kwanza, akawasaga, akanyunyiza unga wake kwenye uji wangu mpaka nikawazoea harufu. Dagaa huliwa mzima, mifupa na yote, kwa hiyo unapata B12 na madini ya kalisi kwa pamoja, na kwa fedha ndogo. Maharage yalikuja mwisho. Aliyaloweka usiku kucha, akamwaga maji, akayachemsha yakachemka, akamwaga tena, ndipo akayapika na nazi. Nilikula vijiko viwili nikangoja adhabu. Nilipata gesi. Gesi tu.

Watu walilalamika. "Unajiua." Wifi alinipigia simu usiku kuuliza kama ni kweli nimekula nyanya.

Maini nilikuwa siyapendi hata kabla ya kuugua. Nikaja kusoma kwamba zamani upungufu wa namna hii uliua watu, hakukuwa na dawa, mpaka mwaka 1926 madaktari wa Boston, George Minot na William Murphy, waliporipoti wagonjwa waliopona kwa kulishwa maini kila siku, kwa wingi. Ugonjwa wao ulitokana na tumbo kushindwa kuisindikiza B12, si orodha kama yangu, ila kilichokosekana ni kile kile. Walipewa Nobel mwaka 1934 pamoja na George Whipple. B12 yenyewe haikutengwa mpaka mwaka 1948. Miaka yote ile watu walikuwa wanakula maini bila kujua ndani yake kuna nini. Wagonjwa wale walikula maini nusu mabichi. Nikasema mimi ya kwangu yamekaangwa na pilipili hoho, nina haja gani ya kulalamika? Nayala mara moja kwa wiki, si zaidi, kwa sababu yana vitamini A nyingi mno, na mjamzito hashauriwi kuyala hovyo.

Siku hizi nashona. Pedali naisikia. Satini naitambua, krepu wakati mwingine naikosea. Vidole viwili vya mguu wa kushoto bado vimelala, na daktari ameniambia bila kuficha kwamba huenda vikabaki hivyo. Ganzi iliyokaa muda mrefu kabla ya matibabu haiondoki yote. Sindano sasa ni moja kila baada ya miezi mitatu. Diklofenaki sitii mdomoni. Mgongo nautibu kwa kuinua meza ya cherehani kwa matofali mawili na kusimama kila baada ya gauni moja, na kwa parasetamoli ikinizidi.

Nisichokitegemea ni mama. Ana kisukari miaka mingi, anameza metfomini asubuhi na jioni, na miguu yake inawaka usiku. Siku zote tumesema ni kisukari, na kweli kisukari kinafanya hivyo. Lakini metfomini nayo ikitumika miaka inapunguza B12, na ganzi yake inafanana na ya kisukari mtu asiweze kuzitofautisha kwa maneno. Nilipomwambia twende akapime alikataa: "Mimi nyama nakula, mwanangu, tena ndiye niliyekulisha wewe." Nikamwambia si kula, ni kuingia. Akanuna siku mbili, siku ya tatu akaoga mapema na kuvaa kanga mpya. Yule daktari kijana alimgonga kile kijuma kwenye dole gumba. Mama akasema anasikia ubaridi. Damu yake imepelekwa Dar, majibu yanatoka Alhamisi.